Vita ya Papa Aline na Buji ya Grupe

Asubuhi ile nilikuwa ninaosha bigudi za Mama, zile bitu ya kuzungushia nywele, moja-moja mu beseni, wakati niliona Papa anatoka ku nyumba amevaa singileti yake ya zamani, na mu mukono yake turnavisi, ile bisibisi, inangaa kama mukuki.

Mukuye basi, mukaribie, bantu ba Baraka na ba Lweba, bale ba juu ku milima ya Bibokoboko na bale ba chini ku ziwa. Muache kwanza mihogo ku jua, mutulize batoto, juu habari ninaleta hapa haiko ndogo: ni ya mwanaume mumoja aliyepigana na mashini mu kiwanja yake mwenyewe, mbele ya bashahidi, na akarudi muzima.

Jina yake ya batizo ni Élie. Lakini kwetu muntu anaitwaka jina ya mutoto wake wa kwanza, na mutoto wa kwanza ni mi. Njo vile jina yangu, mi ambaye ku darasa ninajibuka na sauti ya siafu, iliingia vita bila kuniuliza. Papa Aline, Muuzaji wa Magodoro, Mubeba-Povu, Mwenye Kulalisha Muji Muzima, lakini siku ile yeye mwenyewe hakulala.

Adui alikaa nyuma ya saloni ya Mama, chini ya bati: grupe, ile mashini ndogo ya esanse, petroli, inayotupatiaka umeme. Tangu jana ilikuwa inakohoa. Mafuta yake ilikuwa nyeusi kama sombe iliyoungua ku sufuria. Iliomba vidanji tu: kumwaga mafuta ya zamani, kutia ya mupya, kusafisha filtri na buji. Kazi ambayo mafundi banafanyaka na banapiga mluzi.

Na fundi tuko naye mu familia. Shemeji Patrice, kaka ya Mama, anatengenezaka moteri ya mitumbwi kule Lweba. Papa alimupigia simu, sauti ikatoka inje, bote tukasikia.

"Shemeji, usiguse," Patrice alisema. "Ngoja nitakuja dimanshi, kisha misa. We endelea kupiga-piga magodoro yako."

Na akacheka. Ile kicheko, ndugu zangu, njo ilitangaza vita.

Juu dimanshi ilikuwa mbali, na ndani ya saloni aliikala Furaha, bibi-arusi wa kwanza Mama amepata tangu afungule mulango. Kichwa yote bigudi, inatoka maji. Saa kumi motokari ingekuja kumupeleka Fizi, kesho aolewe. Bila grupe, kaske ya kukausha nywele ni kofia tu. Na pembeni yake alikuwa tantine yake Arlette, ambaye nywele za bantu zinawezaka kukauka lakini mudomo yake hapana.

Papa alisimama ku mulango, tumbo ndani, kifua inje.

"Bamama, musiogope. Hii vidanji nitaifanya mi mwenyewe, na hii mikono. Mbele jua ifike ku ule mupapai, kaske itaimba, na Fizi yote itauliza ni nani alitengeneza ile kichwa."

"Papa Aline," Tantine Arlette akajibu, "hii kichwa tuliileta ikauke. Hatukuileta ijifunze mekaniki."

Mama alikuwa na kitana ku meno, na mwanamuke mwenye kitana ku meno anaangaliaka tu.

Papa akashuka ku vita. Vis ya chini, ile sikrubu inafungaka mafuta, ilikataa. Akaisemesha na heshima, ikakataa. Akaisemesha bila heshima, ikaachia pamoja na ngozi ya kidole yake. Mafuta nyeusi ikaanza kutoka, lakini polepole, sawa muntu anayetoka misa bila kupenda, na Papa ni muntu ya haraka. Basi akakumbata grupe, akaiinamisha upande, akaitikisa kama bidon ya mawese inayoisha. Pale njo fasi adui aliingia mu kambi. Mafuta ikapanda kwa siri ndani ya mashini, ikafika ku buji, kale kadude kadogo kanarushaka cheche ya moto, ikakalowesha kote.

Papa hakuona. Alitia mafuta ya mupya, akapuliza filtri, akashika kamba, akavuta.

Grupe ikasema: puf.

Akavuta tena, na tena, mupaka singileti ikapasuka ku mugongo. Puf.

"Inakujibu nini?" Arlette akauliza ku dirisha.

"Inafikiri," Papa akasema.

Mwisho akatoa buji, akaiangalia inatonya mafuta, na akatangaza na sauti ya kutangaza kilio: "Buji imekufa." Akapigia dada yake, Tantine Florentine, aliyekuwa ku soko. "Dada yangu, acha byote. Niletee buji ya grupe. Haraka, bibi-arusi iko mu hatari."

Musikilize muzuri ile neno. Kwetu buji ni ile ya mashini, na ni ile pia ya kuwasha wakati wa giza, mushumaa. Na grupe ni mashini, ndiyo, lakini Tantine Florentine yeye ni prezida wa bamama ba maombi, na bale bamama banaitwaka nini? Grupe, ni kusema kundi.

Balifika mu mustari, bitambaa nyeupe ku kichwa, banaimba polepole, kila mama na buji yake mu mukono. Jeshi ya namna ile mutaa yetu haijaona.

"Bibi-arusi iko wapi?" Florentine akauliza. "Pepo ilimushika tangu lini?"

"Mi niko muzima, mama," Furaha akasema chini ya bigudi. "Niko na maji tu."

Papa akafunga macho. "Florentine. Nilisema buji."

"Njo hii."

"Ya grupe."

"Njo siye."

Arlette alicheka mupaka akaikala chini. Pale Mama akatoa kitana ku meno. Hakupandisha sauti. "Papa Aline," akasema, "ni bibi-arusi wangu wa kwanza."

Ile neno ilimupiga Papa kuliko byote Arlette alisema tangu asubuhi. Akaangalia buji yenye kutonya mu mukono yake. Akaangalia buji mu mukono ya dada yake.

"Washa," akasema.

Mbali na esanse, kule ku jikoni, akashika buji ya mashini na pensi, ile koleo ndogo, akaiweka juu ya moto ya buji ya maombi. Mafuta ikalia chiii. Akaisugua na papye vere, ile karatasi ya kukwaruza, akairudisha ku moto, akaisugua tena mupaka ikangaa. Bamama, kuona muntu amepiga magoti mbele ya buji, bakaanza kuomba, juu njo kazi ilibaleta.

Kisha akarudi ku grupe, akashika kamba, akasema nayo. "We grupe, nilikutoa Uvira, nikakubeba ku magoti mu boti mupaka hapa, sikukulalisha ata siku moja ku mavumbi. Leo usiniaibishe mbele ya bibi yangu."

Akavuta.

Puf. Paf. Na ikalia. Ikalia na moshi nyeupe ikatoka, ikafunika bamama, mupapai na Tantine Arlette muzima, na wakati ilipungua tukasikia mu saloni kaske inaimba. Iandikwe ku bitabu ya Baraka, batoto bafundishwe, siku ile iwekwe alama: nywele ya Furaha ilikauka. Motokari ilipiga honi, bakamungoja kidogo, akatoka na kichwa inayojaa mawimbi, ananukia parfum na moshi kidogo.

"Sawa," Arlette akasema, na kutoka mudomo ile, sawa ni medali.

Mama akachukua taulo ya bakiliya, ile muzuri, akamupangusa Papa mafuta ku uso.

Papa akanipatia simu. "Aline, andika. We unajuaka kuandika."

Nikaandika vile alisema: *Shemeji Patrice wa Lweba. Grupe imewaka. Vidanji ilifanywa na mikono ya magodoro. Usijisumbue dimanshi. Élie.*

Alama mbili za bluu zikaingia palepale.

"Ameona," nikasema.

Papa akasimama, akarudisha tumbo ndani. "Anajibu nini?"

"Iko anaandika."

Tukangoja. Ile *anaandika* ikapotea. Ikarudi kidogo. Ikapotea.

"Angalia tena," Papa akasema.

Niliangalia tena.