Droo Namba Nne kwa Mama Josserand

Jumatatu, 4 Novemba

Nafasi imepatikana! Au iko njiani. Mzee Thévenet hakuonekana mkahawani kwa Mama Josserand leo mchana, wala Ijumaa, wala Jumamosi. Nikamwuliza Mama kwa sauti ya majonzi. Kasema mzee kateleza kwenye ngazi za mtaa, kavunjika nyonga, kalazwa. Miaka themanini na mbili! Nyonga ya umri ule haiungi. Nikatikisa kichwa, nikajifuta jicho. Lilikuwa kavu lakini nililifuta.

Niandike hapa, maana sina wa kumwambia: naitaka droo yake. Ukutani kwa Mama Josserand kuna droo kumi na mbili za mbao, kila moja na namba yake, na ndani kitambaa cha kufutia mdomo cha mwenyewe. Mwenye droo hukaa meza ndefu karibu na jiko. Haulizwi atakula nini, analetewa. Anataniwa. Akikosa kuja siku moja, anaulizwa alikuwa wapi. Droo haiuzwi wala haiombwi. Mwenyewe akifa au akihama, Mama humpa amtakaye.

Mimi nakula pale mwaka wa tisa sasa, tangu mke wangu Odile aondoke na sufuria zote. Meza yangu ni ya mlango wa choo. Kitambaa changu ni cha karatasi. Leo mlango ulinigonga kiwiko, supu ikaniingia kwenye mkono wa koti. Hakuna aliyenipa hata pole.

Jumanne, 5 Novemba

Ravier! Muuza miwani! Ana miaka miwili tu hapa Lyon, bado ananukia Paris, na leo kaingia na shada la maua. Mama kaliweka juu ya kaunta kabisa. Mjanja yule, naye kaitolea macho droo. Akipita kwangu kaniuliza eti hapo mlangoni sipigwi na baridi, bwana mkubwa? Meza ndefu nzima ikacheka. Bi Mazuyer, mwenye droo namba saba, kacheka mpaka kashika mbavu.

Sawa. Maua hunyauka. Mpishi humsifii sura, unamsifia chungu. Nikaagiza matumbo ya kukaanga, chakula anachojivunia Mama kuliko vyote, chakula ambacho mimi nikisikia harufu yake tu roho inanichafuka. Nikameza. Nikamwambia Mama kwamba tangu mama yangu mzazi afariki sijala matumbo kama haya. (Mama yangu hakuwahi kupika matumbo. Wala hajafariki. Yuko Roanne, ana afya ya punda.)

Mama macho yakamlengalenga. Kaniletea sahani ya pili, ya bure, kasimama mbele yangu mikono kiunoni mpaka nikamaliza.

Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi yote, baada ya matumbo yale, sitaki kuieleza.

Alasiri nikaenda hospitali kumwona Thévenet. Kumwona maana yake kuhakikisha. Nilibeba mkate mtamu wa lozi nyekundu, mtu asiseme nimekwenda mikono mitupu. Nikatarajia kukuta mgonjwa wa kukata roho. Thubutu! Mzee kakaa kitako, mashavu mekundu, anacheza karata peke yake na anajiibia mwenyewe. Moyo ukanishuka.

Kaniona, machozi yakamtoka. Nikababaika. Kasema miaka arobaini kala na watu wa meza ndefu, Mama hawezi kuacha jiko, lakini wale wengine hakuna hata mmoja aliyetia mguu. Na wewe, kasema, wewe wa mlango wa choo, ndiye uliyekuja! Jina langu hakulijua. Nikamwambia: Verchère. Kasema jina zuri, kaa hapo nikufunge.

Tukacheza mpaka muuguzi akanifukuza. Mzee anaiba karata bila haya. Nami nikaiba. Nilicheka, tena kwa sauti. Nikiwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka nilikwenda kwa kazi, na habari ya droo sikuigusa kabisa. Mjinga mimi!

Alhamisi, 7 Novemba

Hatari. Nimeingia, nikamkuta Ravier kwenye kiti cha Thévenet! Eti Mama kamkaribisha kwa muda tu, maana meza nyingine zimejaa. Kwa muda tu! Hivyo ndivyo mtu anavyoota mizizi. Na kanikonyeza, mwanaharamu.

Mama akaja kuniuliza: nasikia ulikwenda hospitali, mzee wetu anaendeleaje? Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, Mama, jikaze. Nikasema hamtambui mtu tena, kabakiwa na pumzi za kuhesabu. Ningeishia hapo! Lakini nilimwona Ravier anavyonisikiliza, nikaongeza kwamba neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa hili: kitambaa changu apewe Verchère.

Kijiko kikaanguka mahali fulani. Bi Mazuyer kaangua kilio. Mama kavua aproni, kazima moto, kawatoa wateja wa kupita sahani zikiwa bado zina chakula, jambo ambalo hajalifanya tangu amzike mumewe. Kisha akafungua droo namba nne mbele ya watu wote, akanitia kitambaa mkononi, akanibana vidole. Kinanukia sabuni na jani la kupikia. Sijapata kushika kitu kama kile. Hata Ravier kainamisha kichwa. Nilitamani Odile angekuwepo anione.

Wakavaa makoti, wakachukua chungu cha supu, wakateremka wote kwenda hospitali kumuaga. Mimi nikabaki barabarani na kitambaa changu, nimejaa raha. Walipokata kona ndipo nikakumbuka kwamba watamkuta mzima.

Ijumaa, 8 Novemba

Ravier kanivizia barabarani anisimulie. Kanishika bega, kanisimulia polepole, kama anayelamba asali.

Wameingia wodini na leso machoni, wakiwa na padri. Thévenet alikuwa anamalizia mkate wangu. Mama akamwuliza kwa sauti ya kukatika, mzee wangu, unanijua? Mzee akasema nakujua vizuri, na hicho chungu mbona hufungui? Halafu akauliza wamefiwa na nani. Wakamwambia. Wakamwambia na nani kaleta habari.

Hapo Ravier akanyamaza makusudi, shetani huyu. Kisha akaendelea. Thévenet kasema miguu yake haitapanda tena ngazi zile za kwenda kwa Mama, daktari kamkataza. Kasema tangu jana yake alikuwa kaamua amwambie Mama droo apewe Verchère, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuja kumwona. Nilikuwa namngoja aje nimwambie, kasema.

Ningekaa kimya tu! Ningekula supu yangu nikanyamaza, leo droo ni yangu!

Mama hakungoja. Palepale kando ya kitanda kampa Ravier namba nne. Mchana kanidai kitambaa, kakipokea kwa vidole viwili kama panya mfu. Kasema kula naweza kuendelea kula, yeye hamfukuzi mwenye njaa. Meza ndefu ikaninyamazia, hata mzaha hakuna. Nikala karibu na choo, nikaondoka. Nyumbani nimelia jikoni. Ningesingizia vitunguu, lakini sikuwa na kitunguu hata kimoja.

Jumapili, 17 Novemba

Thévenet kapiga simu! Nilitaka kukata. Kasema yuko kwa mpwa wake, nyumba ya chini, hakuna ngazi. Kasema ulinizika mapema, mshenzi wewe, lakini ulikuja. Kisha kasema: njoo leo, kuna kuku, na karata zipo. Njoo kila Jumapili. Tutakula wawili, tuibiane, mpaka mmoja wetu afe kweli. Mpwa wake nikamsikia nyuma akiuliza kama mgeni anapenda maini ya kuku.

Nayapenda sana.

Nikafikiri. Meza ya watu wawili. Hakuna droo, hakuna namba, hakuna wa kuniona nimekaa. Ndiyo nini sasa? Miaka tisa nimevumilia mlango wa choo ili niishie kula kuku na mzee kiwete? Nikamwambia samahani mzee wangu, Jumapili huwa nina shughuli. Kasema basi, kiti kipo.

Na shughuli nilikuwa nayo kweli. Jumapili ni siku ya soko, na mke wa mfamasia kaniambia Ravier ana presha. Nimemchagulia soseji kavu kubwa, yenye chumvi kuliko zote, nikaifunga utepe mwekundu. Atadhani namtaka radhi. Kila wiki nitampelekea moja.

Mchana nimekula yai la kuchemsha, nimesimama jikoni. Jioni yote nimejizoesha kukunja taulo la vyombo pembe nne, jinsi Mama anavyopenda.