Tangi Limevaa Blanketi Langu

Ndugu Mhariri,

Salamu nakupa kwa kuwa nimelelewa, lakini leo sina furaha nawe. Gazeti lako liliandika kwamba tangi la maji moto lisilofunikwa hupoteza joto usiku kucha na kula umeme bure. Mwanangu, karani wa bima, mtu mzima mwenye upara, akayasoma hayo mezani kwa sauti kama anayesoma wosia. Tangu hapo nyumba hii haikaliki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ileile alipanda kigoda bafuni akalifunika tangi kwa blanketi langu la sufu, akalikaza kwa kamba ya kuanikia nguo. Mablanketi ya mke wake yamo kabatini, yamekunjwa, yananukia sabuni. Hayo hayakuguswa, eti ni ya wageni. Basi tangi linalala na blanketi, mama mzazi analala na shuka. Nilipouliza nikajibiwa, "Mama, wewe unaweza kuvaa sweta, tangi haliwezi."

2. Ameamuru tuoge upesi. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hawakusema mwanao atasimama nje akugongee mlango kabla hujafika magotini. Na magoti ndiyo yanayonipeleka huko. Bila maji ya moto asubuhi hayakunjiki, nashuka kitandani kama meza.

3. Amezungusha kifungo cha tangi, joto limepungua. Maji sasa yana uvuguvugu wa machozi. Ukitaka kuyajua, mwambie mkeo amenenepa, kisha mshike shavu.

4. Mtoto huyu nilimwogesha mimi. Maji niliyachemsha kwa kuni nilizobeba kichwani, wala hakuna aliyenigongea mlango nikimsugua masikio, na masikio yale yalitaka muda. Kama joto ni la kuwekewa akiba, kwanza arudishe langu.

Kwa hiyo naomba mtaalamu wenu aandike upya, kwa herufi kubwa, kwamba bibi asiyefunikwa naye hupoteza joto usiku kucha. Mwanangu huamini kilichochapwa. Cha mamaye hukiita maneno ya kale. Mkishindwa, basi andikeni kwamba bibi afungwe kamba ukutani kando ya tangi, wote wawili chini ya blanketi moja, ahesabiwe kuwa chombo cha nyumba. Huenda hapo nitatunzwa.

Nisalimie wachapaji, anayefagia ofisi yenu, na mama yako, kama bado unamwacha aoge.

Ni mimi, kwa heshima na hasira,
Bibi wa Nyumba ya Kona
(niliishia darasa la nne, na sikurudia hata moja)

N.B. Kabla sijaipeleka barua posta, umeme ulikatika mtaa mzima kutwa nzima. Asubuhi yake, kabla haujakatika, nilikuwa nimekirudisha kile kifungo kwa mkono wangu. Jioni nikafungua bomba nipate ushahidi wa baridi. Maji yakatoka moto, Mhariri, moto wa kweli. Nikaoga mpaka magoti yakasahau umri wao. Mwanangu aliporudi kutoka kazini nilikuwa nimeyamaliza, akaoga ya baridi, nami nikamgongea mlango. Barua usiichape. Nijibu hili tu: tangi nimeliongezea na shuka, lakini bomba linalotoka humo bado liko uchi. Lenyewe huvishwa nini? Hapa ipo suti ya sufu ya mwanangu, ile ya mikutano, na mkasi ninao.