Harusi Moja, Kadi Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi anafungua duka la pili la uchapaji! Atakayeng'ara na kazi ya wiki hii ndiye atakayelisimamia: mimi au binamu yangu, Taratibu. Kazi yenyewe ni kadi ya harusi. Bwana harusi ni fundi umeme wa mtaa wa pili, bibi harusi ni Mchina. Maneno kwa lugha zote mbili. Kazi ya kitoto! Nikaichagua kadi nzima, nikaivalisha fonti yangu ya maua, ile ya herufi zenye mikia. Lahaula! Kichina chote kimegeuka visanduku vitupu. Baba wa bibi harusi amekuwa visanduku vitatu! Nikazima kompyuta haraka.

Jumanne, 4 Machi
Taratibu kachungulia bila kuitwa. Eti fonti yangu haina herufi za Kichina hata moja. Eti Kichina kipewe fonti yake, maneno yetu yapewe yake, kisha unene wa herufi ulinganishwe. Fonti mbili kwenye kadi moja! Huyu ananichimba. Nimeweka ya Kichina kotekote. Kichina kikarudi, kimenona. Maneno yetu? Yamekonda, yameachana kama meno ya mtoto. Mama wa bwana harusi alipoiona akauliza kama mwanawe anaumwa.

Jumatano, 5 Machi
Nikayakuza maneno yetu mpaka yakakimeza Kichina. Akaja baba wa bibi harusi. Akavaa miwani, akaisogeza kadi puani, akaguna maneno mawili. Binti akatafsiri: baba anauliza kama ukoo wao umealikwa au unapita tu. Jamani! Herufi zina ugomvi kiasi hiki? Ndipo akili ikanijia. Kadi mbili! Ya kwao Kichina kikubwa, ya kwetu maneno yetu makubwa. Kila mmoja ataona yake tu.

Alhamisi, 6 Machi
Wote wamechekelea. Shangazi kaniita mwanangu mbele ya wateja! Taratibu aliuliza kwa nini nimechapa mafungu mawili. Nikamwambia asiingilie mambo ya wakubwa. Nimeshachagua kiti cha duka jipya, kile kinachozunguka.

Jumamosi, 8 Machi
Nani angejua? Familia zimekutana kuandika bahasha. Meza moja! Kadi zikalala ubavu kwa ubavu. Kufumba na kufumbua wote wako dukani. Mama yule na baba yule, ambao hawajawahi kukubaliana hata rangi ya viti, wamekubaliana kwamba mimi ni tapeli. Bibi harusi alikuwa analia. Akaniuliza kwa nini nimewatenganisha kwenye kadi ya kuwaunganisha. Hilo liliniuma, nasema kweli. Taratibu akaketi, akaweka fonti mbili, akalinganisha unene, wazee wakimsimamia kutoka benchi moja. Walipoiona wakatabasamu, wote wawili! Shangazi kampa funguo za duka jipya. Mimi nimepewa kisu cha kukatia karatasi.

Jumatatu, 10 Machi
Bibi harusi ameagiza kadi za shukrani. Shangazi kasema nisiziguse. Nimegusa kidogo tu. Nina fonti mpya ya maua, mikia mirefu zaidi. Visanduku! Tena! Nimeduwaa: fonti mpya kabisa, tabia ile ile. Lakini sasa nimekomaa. Kosa langu lilikuwa kuchapa kadi mbili. Safari hii nachapa tatu: ya kwao, ya kwetu, na ya kumwonyesha shangazi.