Kodi ya Maduka ya Marehemu

Mwisho wa mwaka wa 1970 watu wa Matrah, Omani, walikuwa wakiamini kila kitu. Si kwamba walikuwa wajinga. Redio ilikuwa mpya, serikali ilikuwa mpya, na kila walilowaambia wenzao kuwa haliwezekani lilikuwa limekwisha kuwezekana kabla ya adhuhuri. Leo malango ya mji hayafungwi tena usiku. Kesho kitu kilichokuwa marufuku tangu zama za mababu kimeruhusiwa. Mtu akilala mchana, akiamka huuliza nini tena kimeondolewa.

Sleyum bin Khalfan aliliona jambo hilo akiwa amekaa kwenye baraza ya mkahawa sokoni, na papo hapo akaiona riziki yake. Alikuwa mtoto wa Unguja, mtaa wa Malindi, miaka thelathini na tisa, kapitia Mombasa na Dubai, na kila alipopita aliacha watu wanaomtafuta kwa jina jingine. Kanzu yake ilikuwa nyeupe na ulimi wake mwororo. Wenziwe waliorudi Omani baada ya mapinduzi ya Unguja walikuwa wakitafuta kazi serikalini. Yeye alikuwa akitafuta watu wenye khofu.

Wa kwanza alikuwa Aflah, muuza buni na iliki, naye pia mtu wa Unguja.

"Umesikia habari ya kodi ya mirathi?" Sleyum alimuuliza, akijipimia iliki mbili za kutafuna.

"Kodi gani?"

"Taratibu, haijatangazwa. Mwenye duka akifa, theluthi ya duka inakwenda serikalini kabla matanga hayajaondoshwa. Washauri wa kizungu ndio walioileta. Kwao ipo zamani."

Aflah akaweka chini kijiko cha kuchotea. "Duka langu la Darajani, Unguja, lilikwenda lote siku za mapinduzi, nami hai nalitazama," alisema. "Hili nalo liende nikifa? Wanangu watakula nini?"

Moyo wa Sleyum ulimuuma kidogo, kama mtu aliyeumwa na mbu. Akajikuna, yakaisha.

"Ndiyo maana tunaunda kamati ya kuifuta," alisema. "Mimi katibu, wewe makamo wa rais."

Aflah alifikiri. Umakamo ulimkaa vizuri. Kisha akainama karibu. "Lazima ifutwe kwa wote? Maana duka la Ishaq pale mbele, theluthi yake wala si kitu."

"Kwa wote," alisema Sleyum kwa huzuni ya mtu mwadilifu. "Sheria haina jirani."

Katika siku kumi kamati ilikuwa na wanachama thelathini, wengi wao watu waliotoka Unguja kama Aflah. Kila alasiri Sleyum alisimama mbele yao na karatasi aliyosema imetoka afisi kuu, akawasomea kwa Kiarabu kizito vifungu vya kutisha. Karatasi yenyewe ilikuwa stakabadhi ya forodha ya magunia ya vitunguu, aliyoiokota bandarini. Sleyum hakujua hata kwamba ni ya vitunguu. Chuo cha Kurani alikitoroka mapema, na herufi za Kiarabu alizijua moja moja tu. Zikishikana mikono zilimpotea. Alikuwa akichagua wasikilizaji wasiosoma, na wanaosoma aliwasomea kwa mbali.

Michango aliiweka katika kopo la halwa, na kopo hakuliweka chini. Hila yake ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa nyepesi: hakuna kodi rahisi kuifuta kama ile isiyokuwapo. Siku moja angerudi kutoka afisini uso unameremeta, awape bishara, wamwombee dua, naye aage. Huu si wizi, alijiambia. Nawauzia usingizi mzuri.

Aliyekuwa hajachanga ni Bi Nasriya peke yake. Alikuwa mjane wa makamo, ana duka la nguo kwenye pembe ya soko, majora yamepangwa mpaka darini. Sleyum alimwendea mwenyewe. Bibi akamkaribisha kahawa, akatoa karatasi kutoka mkobani.

"Mwanangu, nna barua hapa ya marehemu mume wangu. Macho yangu yamechoka. Nisomee, unambie kama duka langu limo katika hiyo kodi."

Sleyum aliishika karatasi, akaitazama, akashusha pumzi. "Limo, Bi Nasriya. Tena limo vibaya."

"Nlijua," alisema Bi Nasriya, akamwongeza kahawa. "Basi mie vita na serikali siviwezi. Bora niuze mapema nikakae na binti yangu Nizwa. Kama yuko wa kununua."

Sleyum akapiga hesabu haraka. Duka zima, na mali yake, la mjane anayetishwa na kitu alichokitunga yeye mwenyewe. Kesho kodi ingefutwa, na keshokutwa angeliuza kwa bei ya haki. Aliwaonea huruma watu waliozaliwa bila akili kama yake.

"Mie naweza kukusaidia," alisema. "Unataka ngapi?"

"Duka lenye kodi lina bei gani, mwanangu? Nipe kilichomo katika hilo kopo unalolikumbatia."

Bi Nasriya aliandika mkataba kwa mkono wake. Mashahidi wawili walipita wakitoka msikitini, wakatia saini. Alipouliza kama mnunuzi angependa kusomewa, Sleyum alisema hapana haja, kwake neno la mtu mzima ni mkataba. Akatoa kopo.

Siku ya pili baada ya sala ya alasiri alisimama sokoni, akawatangazia kwamba kodi ya mirathi imefutwa. Watu wakamshukuru Mungu. Aflah alilia, ingawa kwa jicho moja alikuwa akilitazama duka la Ishaq. Sleyum akatoka hapo moja kwa moja hadi kwenye duka lake jipya.

Akamkuta Bi Nasriya amekaa pale pale.

"Nimekuja kuchukua ufunguo, Bi."

"Ufunguo kamwombe imamu. Duka ni wakfu wa msikiti, mie napanga tu. Na nguo ni za mfanyabiashara wa Kihindi, namuuzia kwa ujira. Mkataba wetu unasema nimekuuzia kila kilicho milki yangu humu ndani. Kibao hiki nilichokalia, yadi ya kupimia, na huyo paka. Ana mimba, kwa hiyo umepata zaidi ya ulichonunua."

Sleyum alikitazama kibao, akamtazama paka.

"Umenidanganya," alisema.

"Nimeandika kweli tupu, nikataka kukusomea. Na ile barua haikuwa ya marehemu. Nliandika mwenyewe asubuhi ile: anayesoma karatasi hii anyooshe mkono wa kushoto, ntampa halwa. Mkono hukuunyoosha. Sasa ukitaka, nenda kwa liwali ukashitaki. Atakuuliza kopo ulilipata wapi."

Nyuma ya Sleyum wanachama wa kamati walikuwa wameanza kufika, kwani Bi Nasriya alikuwa amewaita. Akalifungua kopo.

"Kodi haiko," aliwaambia. "Na katibu hataki hata nauli. Kila mtu achukue chake."

Walipokuwa wakichukua, Sleyum alimwinamia. "Kwa nini unanisitiri?"

"Si wewe ninayekusitiri," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa wamekwisha kuibiwa mara moja, wakaanza upya uzeeni. Sitaki wajue walikuwa wakiibiwa mara ya pili, tena na mtu wa kwao."

Sleyum akatazama chini. Safari hii hakujikuna.

Aflah alimbusu Sleyum kipaji cha uso, akasema mtu mwaminifu kama huyu ndiye anayefaa kushika sanduku la michango ya skuli mpya. Wote wakaafiki. Bi Nasriya akamtazama Sleyum. Sleyum akajibu kwamba ameitwa Sohar kwa jambo la haraka. Paka alimfuata hadi mlangoni, akamwona hali yake, akarudi.

Asubuhi alipanda gari la mizigo lililokuwa likienda Sohar, mfukoni hana kitu. Dereva alimtazama mara mbili.

"Wewe si ndiye uliyeifuta kodi ya mirathi?"

Sleyum alikuwa amechoka, na uongo unataka mtu aliyekula vizuri. "Kodi yenyewe haikuwapo hata siku moja," alisema. "Nliitunga mimi."

Dereva akacheka mpaka akakaribia kuacha njia.

"Wakubwa wa kweli ndivyo walivyo," alisema. "Hawapendi sifa. Kaa, sheikh, nauli yako mimi."