Pambo Langu Liwe la Lazima

Jumatatu, 3 Juni
Fedheha! Programu yetu ya maduka ya dawa ina sehemu za lazima, zinazoingia zenyewe, na za hiari, anazochagua mwenye duka. Sehemu ya mwenzangu wa ofisini, Bi Taratibu, inayokumbusha dawa zinazokaribia kuharibika, inachaguliwa kila mahali. Yangu, Pambo, inayochora maua kwenye risiti, imechaguliwa na watu wawili. Mmoja ni mama, ambaye hana duka. Wa pili ni mimi. Hata mjomba, mwenye duka lake, ameikataa! Na bosi anamtaja mkuu wa kitengo Ijumaa. Nautaka ukuu ule hadi nakosa usingizi. Bi Taratibu akanipa pole. Pole!

Jumanne, 4 Juni
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Kwenye maelezo ya Pambo palipoandikwa hiari nimeandika lazima. Kesho litaingia maduka yote. Bi Taratibu akauliza mbona natabasamu. Nikamwambia nayapa meno hewa.

Jumatano, 5 Juni
Ushindi! Hadi saa nne hivi. Nilisahau kwamba Pambo halisafiri peke yake. Linategemea kichora maua, nacho kinategemea picha za mwendo, nazo zinataka muziki. Ukoo mzima umehamia kwenye kompyuta kongwe za watu. Mjomba kapiga simu akifoka: mashine imejaa pomoni, wagonjwa wamesongamana kaunta, na kinanda kinalia. Nikasema ni hitilafu ya umeme. Akasema umeme haulimi maua.

Alhamisi, 6 Juni
Bosi akauliza nani atarekebisha. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, kama shujaa. Safari hii nimefanya kila kitu kiwe cha hiari. Asiyelazimishwa atalalamikia nini? Bi Taratibu akanisihi nijaribu kwanza kwenye mashine tupu. Wivu huo!
Mchana mjomba akaiweka programu upya. Kwa kuwa haniamini tena, hakuchagua chochote. Akapata ukurasa mweupe. Kumbe hata sehemu inayofungua orodha ya dawa niliifanya ya hiari. Anauza kwa kalamu na karatasi, na amemwambia mama nisikanyage kwake.

Ijumaa, 7 Juni
Bi Taratibu amerudisha kila kitu mahali pake kabla ya chai. Ndiye mkuu wa kitengo. Nilipiga makofi hadi viganja vikauma, roho ikauma zaidi. Pambo limerudi kuwa la hiari. Akasema hana kinyongo, akanifanya msaidizi wake na kunifungulia kazi zake zote niweze kuzirekebisha.
Nimejichunguza kwa uaminifu na kosa nimeliona: nilitumia nguvu. Mwenye akili hamlazimishi mtu. Nitaandika tu, kwa upole, kwamba sehemu ya Bi Taratibu inategemea Pambo. Kila anayemchagua yeye atanibeba na mimi.