Risasi Zangu Hazina Kosa

Jumamosi, 3 Mei 2025

Nimeshindwa na Harith tena. Na yeye anapiga risasi za dukani! Anazitoa kwenye boksi kama mtu anayetoa biskuti, anapiga, na matundu yake yote unaweza kuyafunika kwa kisosi. Yangu yametapakaa karatasi nzima. Moja haikuonekana kabisa. Peris, nahodha wa klabu yetu ya shabaha, Mkenya wa Tooting mwenye sauti ya kuongozea magari, akasema tuangalie karatasi ya jirani. Ilikuwa huko.

Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani Harrow, hapa London. Jibu limenijia kwenye foleni: kosa ni la risasi. Kiwandani wanazijaza maelfu kwa maelfu, nani ana muda wa kumfikiria Ambrose? Nitazijaza mwenyewe. Baruti ya kila risasi nitaipima kwenye mizani, kila moja iwe pacha wa mwenzake. Kibali cha polisi ninacho, banda la uani ninalo, akili ninayo.

Na muda hautoshi. Timu ya kwenda kushindana Kent imebakiza nafasi moja, na tarehe 17 mimi na Harith tutaipigania. Wanaoingia timu hupigwa picha, na picha hutundikwa ukumbini juu ya birika la chai. Miaka sita nimekunywa chai pale nikitazamana na sura za watu wengine. Mwaka huu watanywa chai wakinitazama mimi.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya misa nimewatangazia wanajumuiya kwamba nimechaguliwa timu ya klabu. Bado, lakini ni suala la muda tu. Wamenipigia makofi. Nimeweka habari hiyo pia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Shemeji Noel kule Moshi ameuliza kama ni Olimpiki. Sikusema ndiyo, sikusema hapana.

Mke wangu Restuta amesema ningengoja kwanza nichaguliwe. Nimemwambia wenye mashaka huwa hawatundikwi ukutani.

Jumatano, 7 Mei

Mashine ya kujazia risasi imefika. Nzuri! Ina mkono mrefu wa chuma, ukiuvuta unajiona mtu wa maana.

Ila kuna kazi ya kwanza. Maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika lazima yasafishwe mpaka yang'ae. Bwana mmoja kwenye video anasema unayatia kwenye pipa dogo linalozunguka pamoja na punje kavu za kuyasugua. Wengine hutumia maganda yaliyosagwa ya jozi, zile kokwa za Kizungu. Wengine mchele. Mchele! Mimi Mtanzania nikatafute maganda ya jozi? Nimepekua kabati, nyuma ya unga nimekuta mfuko mzima, umefungwa kwa kamba, kama uliosahauliwa.

Pipa limezunguka mchana kutwa, nami nikifanya kazi za ofisi kutokea nyumbani. Meneja aliuliza kwenye mkutano ni kelele gani hizo. Nikasema jirani anajenga. Maganda yametoka yanameremeta kama vikombe vya altare. Mchele umetoka mweusi, nimeutupa.

Ijumaa, 9 Mei

Balaa. Ule mchele haukusahauliwa. Ulikuwa wa Kyela, ule unaonukia. Mama mdogo wa Restuta aliubeba kwenye sanduku kutoka Mbeya mpaka Heathrow, akaacha vitenge vyake nyumbani ili mzigo usizidi. Ulikuwa umetunzwa kwa ajili ya Jumapili hii, zamu yetu ya kupokea jumuiya, na jumuiya nzima imeshaahidiwa Kyela.

Restuta aliuliza mchele uko wapi. Nikasema ukweli, kwamba umetumika kwenye shughuli ya maendeleo. Hakupandisha sauti. Ameniita Ambrose. Tangu binti yetu azaliwe mimi ni Baba Lilian, leo Ambrose, kama karani wa benki anavyoniita. Imenichoma kuliko ningepigwa sufuria.

Lakini mtu mwenye akili hakosi njia. Nimekwenda Kingsbury Road, nimenunua basmati ya daraja la juu, nimeimimina kwenye mfuko uleule na kuufunga kwa kamba ileile. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 10 Mei

Jaribio la kwanza. Nimembembeleza Restuta twende wote uwanjani, ajionee ulichozaa mchele wake. Amekuja na chupa ya chai.

Nimelala kwenye mkeka, nimepiga. Matokeo yanatia moyo. Matundu bado yametapakaa, lakini yametapakaa kwa namna tofauti na wiki iliyopita, maana yake kuna mabadiliko.

Cha ajabu, Restuta hakuitazama shabaha hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi usoni. Mwisho akauliza, "Baba Lilian, mbona unafumba macho kabla bunduki haijalia?"

Nilifurahi sana kurudishiwa jina langu, kwa hiyo nilimweleza kwa upole kwamba shabaha ni suala la baruti na uzito. Akasema hata kwenye picha za harusi yetu nimefumba macho, zote. Ni kweli, lakini aliyezipiga ni mjomba na kamera yake ya kuazima. Akanikumbusha picha ya pasipoti, jinsi ilivyorudishwa na kurudishwa. Mashine za siku hizi zinajulikana.

Harith alikuwa mkeka wa pili, akamenya chungwa na kumkatia Restuta kipande, akisema, "Shemeji, mwache yakhe, kila mtu na ibada yake." Huyu Mzanzibari ana maneno laini. Nitamshinda.

Jumapili, 11 Mei

Wamejua. Mwenyekiti wa jumuiya hakungoja hata sufuria ifunuliwe. Alinusa mvuke, akauliza kwa huzuni mbona Kyela hii hainukii. Restuta akanitazama. Mimi nikatazama picha ya Bikira Maria.

Hata hivyo walikula, na mwishoni waliniombea kwa ajili ya safari ya Kent. Wamesali kwa kirefu. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikaona haina haja, kwani sala haibagui aliyechaguliwa na anayekaribia kuchaguliwa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeligundua tatizo! Ni pumzi zangu. Nilikuwa napumua juu ya mizani, punje za baruti zinayumba. Sasa mizani nimeiweka ndani ya lile boksi la plastiki la kuwekea keki, na ninapima nimebana pumzi. Nimepata kizunguzungu, lakini risasi zimetoka zinalingana mpaka raha. Zile bora kabisa nimezitia alama nyekundu kwenye kitako, kwa rangi ya kucha ya Restuta. Hajaitafuta bado.

Lilian amepiga simu kutoka chuoni Leeds. Mama yake ameshampelekea umbea wote. Nimemweleza kwa Kiswahili habari za mizani na boksi la keki, naye akajibu kwa lugha yake: "Dad, just keep your eyes open." Eti nisifumbe macho tu! Ada yote ile tunayolipa, na hawamfundishi kitu kuhusu baruti.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika kwa ufupi. Mkono mzito.

Nilianza mimi. Nilipiga zile nyekundu zote. Peris aliikagua karatasi yangu, akaigeuza, akaikagua tena kana kwamba upande wa nyuma ungekuwa na nafuu. Ilikuwa mbaya kuliko siku zote.

Ikafika zamu ya Harith. Darubini ya bunduki yake ikawa imeingia ukungu ndani, haoni kitu. Peris akasema kanuni zinaruhusu aazime bunduki ya mwanachama mwenzake pale pale uwanjani. Harith akanigeukia, akasema, "Yakhe, nifae na yako." Nikafikiri upesi. Akipiga kwa bunduki yangu na risasi zangu, atapata nilichopata mimi. Tutakuwa sawa, na shindano litarudiwa. Nikampa bunduki na risasi zangu zilizobaki, na kumpigapiga bega.

Alilala kwenye mkeka. Akapiga taratibu, macho wazi kama samaki.

Matundu yote yalishikana. Si kisosi, kofia ya chupa ya soda ingeyafunika. Watu waliacha chai zao, wakaja kuangalia. Harith akaapa kwamba wallahi tangu aanze kupiga hajawahi kukutana na risasi tamu namna ile. Peris akanivuta pembeni na kuniambia kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo, "Ambrose, risasi ziko sawa. Bunduki iko sawa." Alinitazama tu machoni.

Nafasi ni ya Harith. Wakapanga timu kwa ajili ya picha, na Harith akashikilia kwamba fundi wa risasi naye aingie, asimame pembeni. Nilisimama. Sikumbuki vizuri. Nilikwenda garini nikakaa, nikamfikiria Shemeji Noel na wale wote walioniombea, nikaona aibu kwelikweli. Restuta alikuja akanimiminia chai.

Jumapili, 18 Mei

Nimeamka mzima kabisa!

Nimeelewa yote nikinyoa ndevu. Jana risasi za nani zimefanya maajabu? Zangu. Risasi za dukani hazijawahi kumpa Harith matundu kama yale. Kwa hiyo nilichokisema tangu mwanzo kimethibitishwa mbele ya klabu nzima. Harith alikuwa mikono tu. Nimewaandikia ukoo kwamba ufundi wangu umeshinda nafasi ya Kent. Shemeji Noel ametuma vigelegele.

Mchana Harith amekuja na halua, ananishukuru. Peris amekubali nisafiri na timu, bunduki na risasi zikiwa chini yangu. Nimemwambia Harith asitie shaka, nitamwongoza.

Kisha Peris akatuma ile picha, tayari kwa kutundikwa. Timu imesimama, Harith katikati anacheka. Mwisho wa mstari mimi, kifua mbele, ganda la shaba mkononi linameremeta kwa nguvu za Kyela. Macho nimeyafumba.

Restuta aliichukua simu, akatazama, akacheka mpaka akatafuta kiti. Ni mara ya kwanza anacheka tangu kisa cha mchele, kwa hiyo sikumkatiza. Lakini nimeikuza picha na kuichunguza kwa makini, na kosa linaonekana waziwazi. Ni kamera. Wanatumia lenzi za kiwandani, zinazotengenezwa maelfu kwa maelfu. Nimeshapata video ya bwana mmoja anayesaga kioo cha lenzi mwenyewe, nyumbani kwake. Anachohitaji ni subira na unga laini sana wa kusugulia. Nimepekua kabati. Nyuma ya chumvi kuna mfuko wa unga wa ulezi, umefungwa kwa kamba, nadhani wameusahau.