Paka Aliyepangiwa Zamu ya Usiku

Jumatatu, 4 Machi

Nimetoka kwa daktari wa wanyama na Mhasibu ndani ya boksi la sabuni. Mhasibu ni paka wetu. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuna mfuko unaoingia nyumbani bila yeye kuukagua. Kile kiuvimbe cha tumboni, ambacho mimi nilisema ni shibe, kumbe ni ngiri. Daktari alikibonyeza taratibu, akasema siku utumbo ukinasa humo, paka hatuna. Upasuaji Jumatano asubuhi.

Sharti ni moja. Kuanzia kesho jioni asile kitu. Maji ruksa. Akiwa na chakula tumboni, dawa ya usingizi inaweza kumtapisha, na matapishi yakiingia kwenye mapafu ndiyo basi tena. Daktari alilisema mara mbili. Mara ya pili alikuwa ananitazama mimi, si paka.

Mke wangu yuko kwa mdogo wake aliyejifungua. Nimempigia. Akasema nifanye alivyosema daktari, nisiongeze kitu changu. Akasema pia nimweleze mama yake.

Hapo ndipo pagumu. Mama mkwe anaishi nasi. Ni mtu mwenye heshima zake, lakini kwake hakuna ugonjwa duniani usioanzia kwenye tumbo tupu. Alipohamia kwetu nilikuwa nafunga mkanda. Siku hizi suruali zinajishikilia zenyewe. Nikimwambia paka asile, atamlisha kwa huruma. Na nikimkuta anamlisha nitasema nini? Mama mkwe hakaripiwi. Hata jikoni kwake naingia baada ya kukohoa.

Uamuzi: asijue chochote. Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi. Kitu kisipoonekana stoo kwangu, ujue nimekificha mwenyewe. Nitashindwa na paka?

Jumanne, 5 Machi

Mpango umeanza vizuri kupita kiasi. Wakati wa chai nimemwambia mama mkwe kwamba stoo imeingiliwa na panya, na bosi anaomba Mhasibu aje kufanya zamu ya usiku. Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Alimtazama paka kwa macho mapya, kama bibi ambaye mjukuu wake ameitwa kazini serikalini.

Mpango wenyewe: nitoke naye mlango wa mbele, nizunguke nyuma ya nyumba, nimtumbukize chumbani kwangu kupitia dirishani, nirudi mlango wa mbele mikono mitupu. Mama mkwe haingii chumba cha mkwewe hata nyumba ikiungua. Hakuna gereza salama kuliko hilo.

Jioni, boksi mkononi, mguu mmoja nje, nikaitwa. Mama mkwe alikuwa ameshika bakuli la mfuniko. Ndani, samaki wa kukaanga, amewatoa miba mmoja mmoja. Akasema hakuna mfanyakazi wa zamu ya usiku anayeondoka nyumbani bila chakula chake, na nisije nikamdhulumu mwenzangu njiani. Nikapokea kwa mikono miwili. Ningefanyaje?

Kutupa sikuweza. Mama mkwe anazijua takataka zetu kuliko mwenye gari la taka. Kula pia sikuweza, nilikuwa natoka kula, tena mara mbili. Basi bakuli likapita dirishani pamoja na paka. Nimeliweka juu ya kabati. Paka mwenye ngiri hapandi kabati.

Jumatano, 6 Machi

Bakuli liko sakafuni. Mfuniko uko chini ya kitanda. Mhasibu yuko juu ya kabati, analamba kiganja.

Nimetafuta samaki kila mahali. Chini ya godoro, nyuma ya mlango, hata ndani ya viatu. Nikajiambia huenda wamedondokea mahali. Nikajiambia pia kwamba samaki wenyewe walikuwa wadogo, na kwamba upasuaji ukiahirishwa itabidi nimtafutie paka zamu nyingine. Nikambeba tukaenda.

Daktari akauliza kama amekula. Nikasema hapana. Akauliza tena huku akimnyoa manyoya kidogo mguuni. Nikasema hapana kabisa. Akavuta dawa kwenye sindano. Hapo Mhasibu akageuza kichwa akanitazama, vile anavyonitazama nikirudi na mfuko. Hakuwa na wasiwasi wowote. Aliamini nimeleta kitu.

Nikasikia mdomo wangu unasema: daktari, kuna samaki.

Aliiweka sindano chini. Hakunigombeza. Akauliza ni samaki kiasi gani, na nani aliyempa. Nikasema kiasi cha bakuli, na kwamba habari yake ni ndefu. Akasema hana haja ya habari ndefu, niende nyumbani nikashukuru kwamba nimeropoka kabla na si baada. Upasuaji umesogezwa hadi Ijumaa.

Nilikaa kidogo kwenye benchi la nje. Pembeni yangu mbwa aliyefungwa bandeji sikioni akanilamba mkono. Nadhani ni harufu.

Nyumbani mama mkwe akauliza zamu ilikwendaje. Nikasema amekamata panya wengi. Akauliza wako wapi. Nikasema bosi amewahifadhi. Mama mkwe akafungua mdomo kuuliza tena, simu yake ikaita, ikaniokoa. Alikuwa mke wangu. Waliongea mlango ukiwa umefungwa. Mambo ya mtoto mchanga bila shaka.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Nimerudi kutoka kazini, paka hayupo. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwa utulivu wa ajabu. Akaniambia amemwazima fundi viatu wa nyumba ya jirani. Panya wanamtafunia ngozi, maskini, na sisi tuna paka mwenye uzoefu. Amekwenda na bakuli lake.

Kesho upasuaji! Na kati ya watu wote, fundi viatu. Mtu huyu huniita Mkuu wa Stoo mbele za watu, na tangu niliposema ningeweza kutengeneza kisigino changu mwenyewe, nikarudi kwake nikichechemea, hajawahi kuniacha nipite kimya.

Nilikimbia na ndala za watu wawili tofauti. Nikamkuta Mhasibu amelala juu ya kipande cha ngozi, bakuli liko mbele yake. Nikalinyakua, nikafungua. Maji matupu.

Fundi viatu alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Akaniambia, Mkuu wa Stoo, tulia. Mama amekuja mchana, ametoa amri: huyu asipewe hata punje, maji tu, mpaka mkwe wake amchukue asubuhi ampeleke kupasuliwa. Nikauliza kwa nini asikae nyumbani. Akasema naye aliuliza hivyo hivyo, na mama akajibu kwamba nyumbani kuna mtu anayelala na samaki.

Kwa hiyo anajua. Nimempigia mke wangu palepale, akakiri: alimwambia mama yake yote jana, naye aliambiwa na daktari, ambaye namba yake aliichukua kabla hajasafiri. Kumbe mke wangu alifikiria mbali. Nikamuuliza fundi kuhusu panya. Akasema kwake hajaingia panya tangu afungue, nani atakuja kula gundi?

Nimerudi nyumbani nimejiandaa kwa lolote. Mama mkwe akasema karibu chakula, baba. Nimekula macho yakiwa kwenye sahani. Alipokuja kuondoa vyombo ndipo akasema, kama anayeongea na sahani, kwamba angeelezwa ukweli tangu Jumanne asingekaanga samaki. Amelea watoto. Anajua kumnyima mtu chakula na anajua kumtibu, na si kitu kimoja.

Nilikohoa tu, kwa heshima.

Ijumaa, 8 Machi

Tumekwenda wote wawili. Mama mkwe alishika boksi yeye. Njiani aliongea na paka tu.

Daktari akauliza kama amekula. Sote wawili tukaanza kujibu. Daktari akasema anaomba mama ajibu.

Kusubiri ni kazi mbaya kuliko kuhesabu misumari. Ukutani pana kalenda yenye picha za ng'ombe. Nimesoma miezi yote. Nikafikiria jinsi ambavyo Jumatano ningekuwa nimeketi hapa hapa, nikisubiri hivi hivi, na samaki wako ndani.

Kisha daktari akatoka anavua glavu. Akasema amemaliza. Tundu limezibwa, anapumua vizuri, akiamka atakuwa mlevi kidogo tusishangae. Mimi nikarudi kwenye kalenda, kuna ng'ombe mmoja sikuwa nimemwangalia vizuri. Mama mkwe akanipa kitambaa bila kugeuka. Akasema kuna vumbi humu.

Maagizo ya daktari: chakula kidogo kidogo, kidonge kila asubuhi, asiruke, asilambe nyuzi. Amempa kola la plastiki la kumvisha shingoni. Mama mkwe akarudia maagizo yote bila kukosea. Mimi niliombwa nibebe boksi.

Jumapili, 10 Machi

Lile kola halina ubora. Linalegea, Mhasibu anajikwaa kila kizingiti na kunitazama kwa lawama. Nikaona hii ni kazi ya mtu wa stoo. Tuna faneli kubwa za kumiminia mafuta, plastiki ngumu. Nikakata ncha, nikazungushia utepe, nikamvisha. Imemkaa kama imepimwa.

Jambo moja sikulitegemea. Paka akilia ndani ya faneli ni spika kamili. Fundi viatu alikuja mlangoni akauliza kama tumefungua kituo cha redio, na kama wanapokea salamu za wasikilizaji.

Nilipomsogelea nimvue, Mhasibu akarudi kinyumenyume chini ya kitanda changu, faneli ikanasa kwenye mbao. Nikaingia kumfuata. Mimi pia nikanasa. Nimekwisha andika habari za suruali zangu.

Tulikaa humo tukitazamana. Nilichoogopa ni nyuzi, maana alikuwa anajivuta. Nikawa namsihi atulie, naye analia kwenye spika. Kisha nikasikia mtu anakohoa mlangoni, kikohozi cha heshima kabisa. Mama mkwe ameingia chumba cha mkwewe. Alipiga magoti, akamvua paka faneli kwa mkono mmoja, akamtoa, akakagua kidonda. Nyuzi zote zipo, hakuna damu. Akashusha pumzi. Mimi pia, kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Akaondoka na paka. Mimi nilitolewa baadaye na fundi viatu, aliyesema amekuja kutuma salamu.

Nilipofika sebuleni Mhasibu alikuwa amevaa. Mama mkwe amekata mkono wa shati, ametoboa matundu manne ya miguu, amemvisha. Kidonda kimefunikwa, shingo iko huru, hakuna kelele. Lilikuwa shati langu la harusi za watu. Limempendeza kuliko lilivyowahi kunipendeza mimi.

Jumanne, 19 Machi

Nyuzi zimetolewa. Daktari akasema kidonda kimefunga safi, na akauliza nani aliyebuni lile vazi. Nikasema ni ubunifu wa familia. Tulipofika nyumbani Mhasibu alipanda kabati kwa mruko mmoja, akageuka, akalala. Nilisimama pale nikimtazama kama mtu anayetazama taa baada ya umeme kurudi. Mwili wote mwepesi.

Mke wangu amepiga. Anarudi Jumamosi. Akasema kuna kitu kimoja tu: mama yake ana jino bovu, lazima ling'olewe, amemwekea nafasi kesho, na mama anaogopa sana koleo. Akasema nimweleze moja kwa moja, kwa upole, basi. Nisiongeze kitu changu.

Nimelitafakari. Ukimweleza mtu mwoga moja kwa moja unamwongezea woga. Nina njia bora. Nimemwambia mama mkwe kwamba kliniki ya meno imeingiliwa na panya, wamesikia sifa za Mhasibu, na wanaomba aende kesho asubuhi, na mtu mzima wa kumsindikiza.

Amekubali palepale. Hakuuliza hata swali moja. Ameniambia tu nivae suruali ya kulegea, kwa sababu kesho ni mimi nitakayekaa kwanza kwenye kiti cha daktari wa meno, kuwaonyesha panya namna ya kufungua mdomo.

Sikumwelewa vizuri. Lakini naona imekwenda salama.